Kamati ya Kumsaidia Asteria

Jina la nchi yetu sitalitaja, kwa kuwa ombi langu la kibali cha kulitaja bado linashughulikiwa. Itoshe kusema ni nchi ya amani, yenye bendera nzuri na hospitali kubwa moja. Hospitali hiyo iko makao makuu. Ili wagonjwa wa mikoani wasiende kuisumbua ovyo, serikali ilianzisha Ofisi za Vibali vya Rufaa, na mimi, Gaspari Kaduma, nimeitumikia ofisi ya mkoa wetu kwa miaka kumi na tisa. Nakaa Meza ya Saba. Mimi ndiye mtunza muhuri.

Kibali cha rufaa kilichukua siku arobaini. Wenye midomo walisema ni nyingi. Sisi tulieleza kwamba siku arobaini huupa ugonjwa nafasi ya kujifikiria upya. Na kweli, wagonjwa wengi hawakurudi kuulizia vibali vyao, na katika ripoti ya mwaka tuliwaandika chini ya kichwa "Waliopata Nafuu".

Hayo yalikuwa kabla Asteria Kihwelo hajaondoa chupa ya chai.

Asteria alikuwa karani wa Meza ya Pili, mama wa watoto wawili, mwenye sauti ya chini na mwepesi wa kucheka. Kwenye kona ya ofisi yetu kulikuwa na kompyuta iliyoletwa na wizara ikiwa na programu ya akili mnemba. Siku ya kuizindua tulikata utepe na kupiga makofi, kisha tukaifunika kitambaa cha kufuma na kuweka chupa ya chai juu yake. Ilikaa hivyo miaka miwili bila kuharibika, jambo linaloonyesha jinsi tunavyotunza mali ya umma. Asteria akaondoa chupa, akakunja kitambaa, akaanza kujifunza wakati sisi tumekwenda kula.

Baada ya wiki tatu aliniita. "Kaka Gaspari, hebu njoo uone."

Mashine ilikuwa inasoma barua za madaktari, tena ule mwandiko ambao madaktari wenyewe huutazama kwa wasiwasi. Ilizipanga kwa uzito wa ugonjwa, wa kufa leo mbele, wa kusubiri nyuma, na kuandaa rasimu ya kibali kwa kila mmoja. Kisha Asteria alizisoma zote, mstari kwa mstari, na palipo na shaka alimpigia daktari simu.

"Inakosea," aliniambia. "Juzi imeandika fizi mahali pa figo. Ndiyo maana lazima mtu asome. Lakini kazi ya wiki nzima inaniishia asubuhi moja."

Vibali vikaanza kutoka kwa siku mbili. Hakumlazimisha mtu. Alimfundisha kwanza Bi Pelagia wa Meza ya Tatu, aliyeogopa kwamba atapigwa shoti. Bi Pelagia akamfundisha mwenzake. Mwishowe tukafika kumi na wanne. Mimi nilikuwa wa tano. Nakumbuka kibali cha kwanza tulichokiandaa pamoja, cha mwalimu mmoja mwenye uvimbe kichwani. Nilipokigonga muhuri siku ya pili yake niliangalia huku na huko kama ninaiba.

Ndipo Mkurugenzi wetu, Kanali mstaafu Sylvanus Ndimbo, alipotoka ofisini kwake saa nne asubuhi na kukuta ukumbi mtupu. Mabenchi yote yalikuwa wazi. Alisimama pale kama mtu aliyerudi nyumbani akakuta samani zimebebwa.

"Watu wako wapi?" akauliza.

"Wamekwenda hospitali, Mheshimiwa," nikajibu.

"Wote?"

"Wote."

"Nani kawaruhusu?"

"Sisi, Mheshimiwa."

Akarudi ndani, akafunga mlango polepole.

Haukupita mwezi, ukaja Waraka kutoka wizarani. Ulisema taifa limeamua kwa kauli moja kuipokea akili mnemba, na kwamba kila ofisi imtambue mtumishi mmoja anayewahamasisha wenzake kuitumia, na mtumishi huyo "asaidiwe kwa nguvu zote, kwa hali zote na kwa mfululizo, hadi msaada uonekane". Mkurugenzi aliusoma mbele yetu akiwa amesimama wima. Alipofika kwenye "hadi msaada uonekane" alirudia mara mbili, kisha akamtazama Asteria.

"Mama Asteria," alisema, "kuanzia sasa hutakuwa peke yako."

Ninakiri kwamba tulipiga makofi kwa furaha ya kweli. Hata yeye alicheka.

Kamati ya Kumsaidia Mhamasishaji iliundwa siku ileile, wajumbe saba, Mkurugenzi mwenyekiti, mimi katibu. Katika kikao cha kwanza tulimwita.

"Tueleze," alisema Mkurugenzi. "Unahitaji nini ili usaidike?"

"Vitu vitatu tu, Mheshimiwa. Kompyuta ya pili. Mtandao usiokatika mchana. Na niachwe mezani kwangu nifanye kazi."

Mkurugenzi akavua miwani. "Nimekuuliza habari ya msaada, wewe unanitajia kazi."

Tulijadili saa tatu. Ikaonekana kwamba kompyuta si msaada bali ni kifaa, na vifaa vina kamati yao, ambayo haijakutana tangu mwenyekiti wake afariki. Mtandao ukaonekana kuwa ni mawasiliano, na mawasiliano ni mambo ya usalama. Kuhusu kuachwa, Mkurugenzi mwenyewe alitoa ufafanuzi ambao niliuandika neno kwa neno: "Mtumishi akiachwa hajasaidiwa. Ametelekezwa. Na mimi katika uongozi wangu sitamtelekeza mtu."

Kwa hiyo tukaanza kumsaidia.

Kwanza tulimpa chumba ghorofani, chenye kochi, mbali na kelele za wagonjwa. Tukamvika mshipi wa mahameli ya kijani ulioandikwa MHAMASISHAJI kwa nyuzi za dhahabu, auvae saa zote za kazi. Tukamwondolea Meza ya Pili ili apate nafasi ya kuhamasisha. Kila Ijumaa alitakiwa kuleta ripoti ya hali ya uhamasishaji wake, nakala tano, kwa mkono, maana haikuwa haki mashine iandike habari zake yenyewe. Na ili asije akachoka, Mkurugenzi aliagiza wizara ibadilishe neno la siri la programu, akalipokea jipya ndani ya bahasha iliyofungwa, akalifungia kwenye sefu. Kwa kuwa lilikuwa la siri, hata yeye mwenyewe hakujiruhusu kulisoma.

Asteria alikuja Meza ya Saba akiwa amevaa mshipi.

"Kaka Gaspari, waambie hao. Wewe ni katibu. Mafaili yanalundikana huko chini."

"Nimeandika kwenye kumbukumbu," nilimwambia. "Kipengele cha sita, mengineyo."

"Kumbukumbu atazisoma nani?"

"Mimi," nilisema. "Mwanzo wa kila kikao."

Akageuka, akapanda ngazi.

Wale kumi na wanne tuliokuwa tumejifunza tulirudia kalamu, kwa kuwa mashine ilikuwa imefungwa. Ikaongezwa pia Meza ya Nane, ya kuthibitisha kwamba kila faili limeshughulikiwa kwa moyo uliohamasika. Siku arobaini zikawa arobaini na nane. Mabenchi yakajaa tena, na Mkurugenzi akaanza kutoka tena saa nne asubuhi kupitia ukumbini, akisalimia watu, uso umemchangamka.

Ni kwenye mabenchi hayo alipokuja kukaa Salehe Ngoda, fundi baiskeli kutoka mitaa ya kiwandani, mtu mrefu mwenye vidole vyeusi kwa grisi. Mkewe, Bi Mwanamtama, alikuwa na tatizo la vali ya moyo. Barua ya daktari ilisema apasuliwe ndani ya siku kumi. Salehe hakukaa muda mrefu. Aliuliza, akaelekezwa, akapanda ghorofani. Mimi nilikuwa huko nikimsainisha Asteria fomu ya kuridhika na msaada, hivyo niliyasikia yote.

"Hodi," alisema. "Samahani, namtafuta Mama Siku Mbili."

Asteria akainuka kwenye kochi. "Nani?"

"Huko mtaani wanasema kuna mama hapa, ukimpa barua leo, keshokutwa unaondoka. Jirani yangu ndivyo alivyopona. Ni wewe?"

"Nilikuwa mimi, baba."

Hakulielewa hilo "nilikuwa". Akatoa barua kwenye mfuko wa nailoni, akaikunjua kwa uangalifu, akampa kwa mikono miwili. Asteria akaisoma. Nikaona mkono wake umekwenda kifuani, juu ya zile nyuzi za dhahabu.

"Mgonjwa yuko wapi sasa?"

"Nyumbani. Halali chali. Nimemwekea mito mitatu, analala kama amekaa. Ananiuliza tunakwenda lini, namwambia nakuja kwako."

"Ngoja hapa. Kaa. Usiondoke."

Alishuka ngazi mbio, mshipi ukimpiga magotini, nami nyuma yake. Kwenye kona chupa ya chai ilikuwa imerudi mahali pake. Akaiweka sakafuni, akawasha mashine, na mashine ikamwomba neno la siri. Akaandika la zamani. Ikakataa. Akaandika tena, ikakataa. Akaenda kwa Mkurugenzi bila kubisha hodi.

"Mheshimiwa, kuna mtu ana siku kumi. Naomba neno la siri kwa nusu saa. Simama juu yangu, nitazame ninachofanya."

"Mama Asteria, tulia kwanza, keti. Umekunywa chai?"

"Mheshimiwa, moyo wa mtu unafeli!"

"Naona umeelemewa," alisema Mkurugenzi kwa upole mkubwa. "Hili ni kosa letu. Hatujakusaidia vya kutosha." Akachukua kalamu, akaandika: kochi la pili.

Asteria akatoka. Akakaa Meza ya Pili, mahali ambapo sasa hapakuwa na mtu, akakiandika kile kibali kwa mkono. Aliandika vizuri, bila kufuta hata neno moja. Bi Pelagia alipouona mwandiko ule alikisaini bila kuuliza, na Meza ya Nne, na ya Tano, na ya Sita wakasaini, wote bila kuinua macho. Ndani ya saa moja kikafika kwangu.

Muhuri ulikuwa mbele yangu, umbali wa kiganja.

"Gonga, kaka," alisema Asteria.

Nilikitazama kibali. Meza ya Nane ilikuwa haijaundiwa utaratibu wa vibali vilivyoandikwa na mtu aliyeondolewa mezani. Nilimweleza hivyo. Nilimweleza kwamba nina miaka kumi na tisa, na kwamba nikigonga, Mkurugenzi atauliza nani kagonga, na muhuri ni mmoja, na mtunza muhuri ni mmoja.

"Najua," alisema. "Ndiyo maana nimekuja kwako. Gonga."

"Nipe hadi Jumatatu niulize kikao."

Hakunijibu kwa hasira. Ningependa niandike kwamba alinitukana. Alisimama tu akinisubiri, kama watu wanavyosubiri kwenye yale mabenchi, na mimi nikaanza kupanga karatasi ambazo zilikuwa zimepangika tayari. Mwisho akakichukua kibali, akampelekea Salehe bila muhuri.

"Jaribu nacho hivyohivyo," nilimsikia akimwambia ngazini. "Waambie getini ni mimi nimekiandika. Waambie wanipigie."

Salehe alijaribu. Alimbeba mkewe kwa gari la mizigo hadi makao makuu. Mlinzi wa Hospitali Kubwa alikigeuza kibali mbele na nyuma akitafuta muhuri, akawarudisha. Walilala njiani mara mbili, kwenda na kurudi.

Jumatatu hapakuwa na kikao. Ilikuwa Wiki ya Taifa ya Wahamasishaji, na Asteria alikuwa ametangazwa mshindi wa mkoa kwa sababu ndiye aliyesaidiwa kuliko wote: makochi mawili, mshipi, wajumbe saba. Alikataa kwenda. Mkurugenzi akamwambia kwamba mtu akikataa kusaidiwa, watu watadhani kamati haikusaidia, na hilo ni kosa la kuidhalilisha serikali. Wajumbe wawili wakamshika mkono mmoja huku na mmoja huku, kwa heshima, wakampandisha garini. Mimi nilibeba kumbukumbu za vikao.

Ukumbi wa makao makuu ulikuwa umejaa wahamasishaji wa mikoa yote wenye mishipi. Sikumwona hata mmoja anayecheka. Waziri alihutubia saa mbili. "Nchi nyingine," alisema, "zinahangaika kununua mashine. Sisi tumewekeza kwa binadamu! Tumemshika mtumishi wetu mkono, na hatutamwachia!" Makofi. Kisha Asteria akaitwa jukwaani, akapewa cheti kikubwa kama mlango, na hotuba ya shukrani iliyoandikwa na wizara.

Aliiweka hotuba chini. Akatoa daftari.

"Mwanamtama Ngoda, moyo," alisoma. "Siku ya sita leo. Daktari kasema kumi. Festo Lyimbo, figo, siku ya thelathini na moja. Mtoto wa Zubeda Mkali, hajapewa jina, siku ya kumi na tisa. Waziri, nilikuwa nawatoa hawa kwa siku mbili. Nirudishieni meza yangu. Sitaki kochi. Nawaomba, nirudishieni..."

Kipaza sauti kikakatwa. Tuliona midomo yake ikiendelea, jina baada ya jina, kurasa mbili nzima, na hatukusikia kitu. Waziri alijifuta macho kwa leso. "Mmeona?" aliuambia ukumbi. "Mmeona jinsi mtu akisaidiwa anavyohamasika?" Ukumbi mzima ukasimama, ukapiga makofi. Wahamasishaji wenzake walipiga makofi huku wanalia.

Bi Mwanamtama alifariki Jumatano, siku ya nane, akiwa amekaa kwenye ile mito mitatu. Tuliporudi Ijumaa tulimkuta Salehe ukumbini. Asteria alipomwona hakuuliza. Alikwenda akakaa benchini kando yake.

"Nimepata barua yenu," alisema Salehe. "Kusoma najua, lakini hii sijaielewa. Nimesoma mara tatu."

Barua ilikuwa na saini ya Mkurugenzi. Ilimtaka mwombaji aeleze kwa maandishi, ndani ya siku saba, kwa nini mgonjwa wake aliacha mchakato kabla haujakamilika.

Asteria akaisoma kimya. Kisha akaisoma kwa sauti, kwa sababu Salehe alimwomba, na ukumbi wote ukasikia.

"Nijibuje, mama?" Salehe aliuliza. Alikuwa anauliza kweli. "Sitaki faili lake likae vibaya."

"Nisamehe, baba. Nilikwambia ungoje."

"Wewe ulishuka mbio," alisema. "Nilikuona. Ni mtu mmoja tu niliyemwona akikimbia kwa ajili ya mke wangu."

Asteria akavua mshipi, akauweka benchini, akaomba karatasi. Aliandika barua mbili. Ya Salehe ilikuwa na mstari mmoja: mgonjwa alisubiri kadiri alivyoweza. Ya pili ilikuwa yake, ya kuacha kazi ya uhamasishaji na kuomba Meza ya Pili.

Kamati ilikaa siku mbili juu ya barua ile. Hatukuweza kumkubalia, kwa kuwa mhamasishaji anayeacha ni ushahidi kwamba hakusaidiwa. Wala hatukuweza kumkatalia, kwa kuwa kumkatalia si kumsaidia. Mkurugenzi ndiye aliyepata njia. Wiki iliyofuata Asteria alishtakiwa kwa utoro: kwamba kwa siku sabini na moja mfululizo hakuonekana Meza ya Pili.

"Lakini mlinipeleka ghorofani," alisema mbele ya kamati.

"Hilo hatulikatai," alisema Mkurugenzi. "Swali ni je, ukiwa ghorofani, ulikuwa Meza ya Pili?"

"Hapana."

"Andika, katibu. Amekiri."

Niliandika. Aliondoka siku hiyo hiyo na mfuko mmoja, ndani yake kikombe, kandambili na lile daftari. Alimuaga Bi Pelagia, akamuaga mfagizi. Meza ya Saba alipita bila kusimama. Baadaye nilisikia amekwenda kwa dada yake, ng'ambo ya mpaka, na kwamba kwa muda mrefu hakutaka kuzungumza na mtu.

Wizara ikadai jina jipya haraka, kwa sababu ofisi isiyo na mhamasishaji haipelekewi mafuta ya gari. Mkurugenzi akatukusanya wote chini, karibu na ile kompyuta. Nje ya madirisha watu walikuwa wamejaa hadi uwanjani, wengine wamelala kwenye kanga.

"Nataka mtu mwenye uzoefu," alisema. "Nani kati yenu anajua kuitumia hii mashine?"

Nilimwona Bi Pelagia akificha mikono nyuma ya mgongo. Wa Meza ya Nne alitazama dari. Watu kumi na watatu, ukiniacha mimi, ambao nilikuwa nimewaona kwa macho yangu wakiitumia, wakicheka mbele yake, wakiitana waje waone.

"Bi Pelagia?"

"Mimi, Mheshimiwa? Mimi hata kuigusa naogopa. Itanipiga shoti."

Akapita mmoja baada ya mwingine, na mmoja baada ya mwingine wakasema hawajui. Nikafikiwa mimi.

"Kaduma? Wewe ulikuwa karibu naye sana."

Nilisema kwamba mimi, hata pa kuiwashia sipajui.

Mkurugenzi aliridhika. Alisema hali hiyo inathibitisha jinsi msaada unavyohitajika, na akaagiza kamati iongezwe wajumbe. Tukarudi mezani. Mwanamke mmoja aliyempakata mzee asiyeweza kusimama aliingiza uso dirishani kwangu, akaniuliza ni siku ngapi.

"Arobaini na nane," nilimwambia.

"Hakuna mtu hapa anayeweza kufanya mapema kidogo?"

Nilimwambia hakuna.